Nyumba ya Mawe, Hati ya Mtoni

Wiki mbili baada ya ile sherehe ya kuniaga, mmoja wenu alinipigia simu kuuliza kama kweli zamani tulikuwa tukikagua nyumba za mnada bila kompyuta. Nilimjibu ndiyo, nikakata simu, kisha nikaanza kujiuliza kama nimemjibu vizuri. Labda alitaka kujua zaidi. Labda alikuwa ananicheka. Baada ya kulifikiria jambo hilo kwa siku tatu nimeona ni nafuu niandike.

Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo yamo kwenye faili, na faili mnazo. Mimi nitaandika jinsi tulivyotafuta habari za kuaminika kuhusu nyumba ambazo benki zilikuwa zikiuza hapa Kericho na Bomet miaka ile ya tisini, na zaidi kuhusu nyumba moja upande wa Kaplong iliyokaribia kunifukuzisha kazi kabla sijamaliza mwaka.

Niliripoti Jumatatu asubuhi nikiwa na cheti changu cha uchumi wa ardhi, nakala mbili za cheti hicho endapo cha kwanza kingelowa, na kalamu tatu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo kila mteja aliyepanda ngazi alitufikia akinuka dawa ya kupe. Kazi yetu mnaijua. Mtu akiona tangazo la mnada gazetini au limebandikwa kwenye mlango wa posta, alitujia kuuliza: hii nyumba, nikiinunua, itakuwa yangu kweli? Sisi tulichunguza, tukamwandikia ripoti. Tofauti ni kwamba leo mnachunguza mkiwa mmekaa.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Njoroge. Alikuja huku kutoka Nyeri akiwa kijana, akibeba vijiti vya wapima ardhi, na hakurudi tena. Alizungumza Kipsigis kwa lafudhi iliyowafanya akina mama wa soko la Roret wacheke hadi wampunguzie bei, na nilishuku kwamba aliitunza lafudhi hiyo kwa makusudi. Alikuwa na meza, mwavuli mweusi na futi kamba ya chuma ndefu aliyoipaka mafuta kila Ijumaa.

"Umesomea ardhi?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Mlikuwa mnaisomea wapi?"

"Darasani."

Alinitazama viatu. "Nunua gamboti," akasema, na hayo ndiyo mafunzo niliyopewa siku ya kwanza. Tangu hapo akaniita Gradueti, na ofisi nzima ikamfuata.

Miezi ya kwanza aliniacha kwenye masjala ya ardhi, nikifanya kile watu wote walichokiita sachi. Ulijaza fomu, ukalipia, ukangoja karani atoe kadi ya kijani ya shamba lile, ambamo majina ya wenyewe yameandikwa kwa mkono mmoja baada ya mwingine, na chini yake rehani za benki na pingamizi za mashemeji. Beba kalamu yako, maana ya masjala ilifungwa kwa uzi mfupi na aliyeifunga hakuwa mtu wa kuandika. Soma pia yaliyoandikwa kwa penseli pembeni. Hayana nguvu ya sheria, lakini mtu alikuwa na sababu ya kuchonga penseli. Mimi kila kadi niliisoma mara tatu. Mara ya tatu karani alikuwa akiniambia, "Madam, hiyo kadi haitabadilika. Wenzako wanangoja."

Sista Rael alipanda ngazi zetu wakati wa mvua za Aprili. Alikuwa muuguzi wa hospitali ya misheni, amezalisha nusu ya watoto wa eneo lile, na alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Nyumba aliyoishi miaka yote ilikuwa ya hospitali, na siku ya kustaafu angekabidhi funguo. Mumewe alikuwa amefariki, na shamba la mume lilibaki mikononi mwa mashemeji waliomsalimia vizuri sana kanisani tu. Alikuwa na kiinua mgongo, na kingetosha nyumba moja, mara moja.

Alifunua gazeti lililokunjwa mara nne. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, paa la vigae, na shamba la chai, itauzwa kwa mnada kwa amri ya benki. Mwenyewe alikuwa Joel, mfanyabiashara aliyekuwa na lori moja hadi lilipopinduka kwenye mteremko na kumwachia mkopo.

"Mwanangu," Sista Rael aliniambia, "mimi nyumba ya pili sina. Nikikosea hii, nitalala wadi ya wagonjwa, na unajua wale hawanyamazi."

Mzee Njoroge alikuwa na kazi nyingine upande wa Sigor wiki ile, kwa hiyo nilienda peke yangu. Naomba mjue nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Kadi ya kijani ilisema shamba ni la Joel, limewekwa rehani kwa benki ile, na hakuna pingamizi. Nilinunua nakala ya ramani ya usajili. Kisha nikaenda kwenye shamba lenyewe. Joel alinipokea kwa heshima, akanipa chai, akanizungusha kwenye ua wa kaiyaba kutoka barabarani hadi nyuma. Niliwauliza majirani watatu, kila mmoja mbali na mwenzake, nyumba hii ni ya nani. Ya Joel. Niliuliza karani wa kituo cha kupimia majani chai. Ya Joel, na chai yake huja hapa kwa namba yake. Nilimuuliza hata mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni la nani.

Nikaandika ripoti: kila kitu ni sawa. Sehemu ya mipaka niliinakili kutoka kwenye ramani. Juu ni njia ya shamba, kulia na kushoto ni majirani, chini ni mto. Sista Rael aliisoma pale pale akiwa amesimama, akanishika mikono yote miwili, na akaenda moja kwa moja kununua kitambaa cha mapazia.

Ijumaa, Mzee Njoroge akiwa amerudi na anapaka futi kamba yake mafuta, nilichukua gamboti zangu nizioshe. Hazikuwa na tope. Zilikuwa na vumbi jekundu la njiani, maana mvua ilikuwa imepumzika siku mbili, na majani mawili ya chai yaliyokauka. Niliziangalia kwa muda mrefu. Mvua za Aprili, shamba linaloishia mtoni, na gamboti zimerudi kavu.

Mtu mwenye akili ya kawaida angeziosha akaenda nyumbani. Mimi nilianza. Labda sikufika mwisho wa shamba. Lakini nilifika, niligusa ua wa nyuma kwa mkono. Labda mto umekauka. Hapa, Aprili? Labda ramani imekosea. Labda nimechukua ramani isiyo yenyewe. Labda nimesoma juu chini. Niligeuza ramani pande zote nne na kila mara mto ulikuwa palepale ukinitazama.

"Gradueti," akasema Mzee Njoroge bila kuinua kichwa, "hiyo karatasi utaitoboa. Ni nini?"

Nikamweleza.

"Mto uliuvuka?"

"Hapana."

"Uliuona?"

"Hapana."

"Uliusikia basi?"

Nilikunja ramani. Aliweka kamba chini. "Chukua mwavuli wangu Jumatatu," akasema. "Na hiyo ripoti, ulimpa mama wa watu tayari?"

"Tayari."

Alipumua kwa pua, sauti ambayo baadaye niliizoea.

Jumatatu hatukuanzia kwenye nyumba. Mzee Njoroge alianzia kwenye kona ya barabara kubwa, kwa sababu, alisema, kona haina ndugu wa kuitetea. Tulipima kutoka pale, yeye akishika sanduku la kamba na mimi mwisho wake, tukilinganisha kila hatua na ramani. Tulipita nyumba ya mawe. Tukapita ua wake wa nyuma. Tukateremka kijia kati ya chai kuukuu yenye mashina mazito kama mapaja, na nikausikia mto kabla sijauona. Pale ambapo ramani iliandika namba ya shamba la Joel palisimama nyumba ya mbao yenye mabati, mti mmoja wa saiprasi, na mama mzee aliyekuwa akiosha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto.

Tulimwita Kogo, jina la heshima kwa mama wa umri ule. Alikuwa mama yake Joel. Alitukaribisha kwa mursik, maziwa yetu yaliyolala kibuyuni, na hakutuuliza tunataka nini hadi tulipomaliza vikombe, na Mzee Njoroge alimaliza viwili. Halafu nikamuuliza, kwa Kipsigis, hapa anaishi nani.

"Mimi na Wesley. Mtoto wangu wa mwisho."

"Na shamba hili ni la Joel?"

Alicheka. "La Joel ni lile la juu, lenye nyumba ya mawe. Hukuona nyumba ya mawe, msichana? Kubwa vile?"

Nikamwonyesha namba kwenye ramani, na nikamwambia kwamba serikali inasema huku mtoni ndiko kwa Joel na kule juu ndiko kwa Wesley. Hakushangaa hata kidogo.

"Ah, hayo ni ya zamani," akasema. "Baba yao alipogawa, mpima ardhi aliandika Joel chini na Wesley juu. Lakini wewe ni mtoto wa nyumba gani usiyejua? Mtoto wa mwisho hubaki na mama yake. Sasa Wesley angekaa juu halafu moto wangu nimwachie nani? Wakabadilishana."

"Walienda ofisi ya ardhi?"

"Kufanya nini? Wazee walikuja, tukachinja kondoo, tukamla. Unataka nini tena?"

Mzee Njoroge alifunika macho kwa mkono, na sikujua kama anacheka au anaomba.

Niwaeleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu yote ilipo. Hakuna aliyedanganya. Majirani walisema kweli, maana wote walikuwa wamekula kondoo yule. Kadi ya kijani ilisema kweli, maana hakuna aliyewahi kuibadilisha. Joel aliweka rehani hati yenye jina lake, na mthamini wa benki alipokuja alimwonyesha nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Kumbe hati ilikuwa ya mtoni na nyumba ilikuwa juu. Kama mnada ungeendelea, Sista Rael angenunua kwa sheria nyumba ya mbao ya Kogo, lakini angeonyeshwa kwa kidole nyumba ya mawe. Angeishi humo hadi siku mtu angegundua, halafu ama angefukuzwa, ama ingebidi amfukuze mama mzee mtoni.

Nilimwambia Sista Rael mwenyewe, kwenye benchi la nje la hospitali. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasahau yote, nikasema tu, "Nilikosea." Nikamweleza. Wagonjwa walipita wakimsalimia, naye akawaitikia kwa kichwa.

"Na mapazia nimeshashona," akasema mwishowe.

"Pole, Sista."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi na Kogo."

"Benki?"

"Bado."

"Basi nenda uwaambie wote, hata kama nyumba itanipita. Yule mama nilimfunga jeraha la panga mwaka jana. Sitakaa kwake kwa karatasi."

Benki haikuniamini. Afisa wa mikopo alinisikiliza akiwa anapanga klipu zake kwa ukubwa.

"Mthamini wetu alifika pale," akasema.

"Alifika wapi?"

"Pale."

"Pale juu au pale chini?"

"Madam, pale kwenye nyumba."

Lakini alikubali kuja siku ya wanunuzi kuangalia mali, wiki moja kabla ya mnada, na kuja na dalali. Nafikiri alitaka kuniona nikiaibika mbele ya watu. Nami nilikuwa na hakika hiyo hiyo. Asubuhi ile nilipima upya mbele ya kioo maneno yote niliyokuwa nimeyapima jana yake, na nikabeba nakala tatu za ramani.

Watu walikuja wengi. Wanunuzi wachache kutoka mjini, majirani wote, Joel akiwa na koti la suti, mdogo wake Wesley kwa gamboti na kisu cha kupogolea chai mkononi, na Sista Rael pembeni, mkoba wake umeshikwa kifuani. Dalali alikuwa mtu mnene mwenye kengele ya shule. Nilipomaliza kusema, Joel alinigeukia.

"Huyu mtoto wa chuo anataka kunionyesha mimi shamba yangu? Nimezaliwa hapa. Wewe umezaliwa kwa kitabu."

Watu wakacheka. Mzee Njoroge aliniwekea mwisho wa kamba mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake, na akamwambia afisa wa benki, "Bwana, wewe shika ramani. Msichana atatembea. Akikosea, mwambie asimame."

Nikatembea. Kutoka kwenye kona, kando ya barabara, hatua kwa hatua, na kila kamba ilipokwisha Mzee Njoroge aliita futi na afisa wa benki akaweka kidole kwenye ramani. Kwenye nyumba ya mawe nilisimama, kwa kuwa watu wote walitaka nisimame. Nikamuuliza afisa kama tumefika.

Aligeuza ramani. Akaigeuza tena, kama mimi nilivyofanya. "Bado," akasema kwa sauti ndogo.

Nikaendelea. Kundi lote likanifuata kwenye kijia, viatu vya mjini vikiteleza, dalali akishika kengele yake isilie. Niliingia mtoni hadi maji yakapita vifundo vya gamboti, nikageuka. Afisa wa benki alikuwa amesimama ukingoni, kidole chake kimefika mwisho wa karatasi.

"Hapa," akasema. "Mpaka ni hapa."

Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa na miguu baridi. Mzee Njoroge alianza kukunja kamba huku akipiga mluzi. Joel alikuwa akiitazama nyumba ya mama yake, mbao na mabati yale, kisha karatasi, na ile jeuri ya suti ikamtoka. "Mungu wangu," akasema. "Nimeweka mama rehani."

Dalali ndiye aliyemgeukia Wesley. Alikuwa mtu wa kazi yake, na alifurahishwa na mambo. "Sasa wewe kijana na kisu yako, unajua ile nyumba ya mawe ni yako? Kwa sheria? Benki haiwezi kuigusa. Ndugu yako amekujengea!"

Hakuna aliyecheka. Watu wote walimwangalia Wesley, na Sista Rael akafumba macho. Kwa sababu ni kweli. Wesley angenyamaza tu, nyumba bora kuliko zote kijijini ingekuwa yake bure, na rehani ingemwangukia mama yake mtoni. Ili mambo yawe sawa ilibidi yeye mwenyewe, kwa hiari, aende kutoa hati ya juu na kupokea ya chini. Hakuna sheria iliyoweza kumlazimisha. Wesley alikifuta kisu kwenye suruali, akasema, "Nina chai ya kupogoa," na akaondoka.

Mnada uliahirishwa. Zilipita wiki tano hadi kikao cha bodi ya ardhi, ambayo ndiyo iliyoidhinisha watu kubadilishana mashamba, na katika wiki hizo niliharibu kucha zote kumi. Sista Rael alikuwa amebakiza miezi mitatu na siku kadhaa. Mzee Njoroge alikataa kabisa twende kumbembeleza Wesley. "Ukimsukuma, atasema alisukumwa," aliniambia. "Wacha mama yake." Baadaye tulisikia kwamba Kogo hakumwambia neno. Alimpikia tu kila siku, na kila siku akamuuliza kama ameshiba.

Siku ya bodi ukumbi wa chifu ulijaa. Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuwa mwenyekiti, na wazee wa bodi walikaa kwenye viti vya shule. Joel alifika, afisa wa benki akafika na barua ya ridhaa. Jina lao likaitwa mara ya kwanza, Wesley hayupo. Likaitwa mara ya pili. Nilikuwa nimeanza kufikiria kazi gani nyingine mtu wa uchumi wa ardhi anaweza kufanya, labda kufundisha hesabu, alipoingia amemshika Kogo mkono. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mwendo wa mama yake.

"Umekuja kufanya nini hapa?" DO akamuuliza.

"Kubadilishana shamba na ndugu yangu."

"Umeelezwa? Unatoa shamba lenye nyumba ya mawe, unapokea lenye nyumba ya mbao. Na la mawe litauzwa na benki. Hakuna mtu amekutisha?"

"Hakuna."

"Umepewa kitu?"

"Nimepewa chakula," akasema Wesley, na ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. "Ile nyumba si yangu, Bwana. Siku inajengwa sikubeba hata jiwe moja. Tulikubaliana mbele ya wazee. Mimi nilikula ile kondoo."

Mzee mmoja wa bodi akasema kwa nguvu kutoka nyuma, "Hata mimi nilikula!" Na DO akapiga mhuri.

Mkumbuke kwamba hadi hapo Sista Rael hakuwa amepata kitu. Hati zilibadilishwa majina, benki ikaondoa rehani ya mtoni na kuiweka kwenye ile ya juu, ikatangaza mnada upya. Nilienda masjala mwenyewe, nikasoma kadi zote mbili. Karani aliniletea kiti kabla sijaomba.

Sasa sikilizeni jambo la habari nusu. Kwa wiki zile eneo zima lilikuwa limesikia kwamba shamba la Joel "lina kesi". Wanunuzi wa mjini walisikia hivyo hotelini, wakaamini, wakajiona wajanja. Asubuhi ya mnada, nje ya posta, dalali alipiga kengele yake na kusoma kwa sauti kwamba hati imerekebishwa, mtu yeyote anaweza kuangalia. Hakuna aliyekuwa ameangalia. Walisimama mikono mfukoni, wakikonyezana. Bei ya chini ilikuwa imewekwa kwa haki, hakuna aliyemwibia Joel. Lakini ni watu wawili tu waliotaja bei, Sista Rael na mwenye duka mmoja aliyetaja kwa mazoea. Mwenye duka alipandisha bei mara mbili, akamnong'oneza jirani yake, jirani akasema "kesi", naye akarudi nyuma kama aliyekanyaga siafu.

"Mara ya kwanza!" dalali akaita. "Mara ya pili!"

Sista Rael alikuwa amenishika mkono wa koti.

"Imeuzwa kwa Sista!"

Akina mama aliowazalisha, na sijui walitoka wapi wengi vile, wakapiga vigelegele pale posta hadi askari akatoka kuangalia. Mzee Njoroge alivua kofia. Joel alipita katikati ya watu, nikaogopa, lakini alisimama mbele ya Sista Rael akatoa funguo mfukoni kabla hata karatasi hazijatiwa sahihi. "Watoto wangu wanne umewapokea wewe," akasema. "Afadhali wewe. Deni limeisha, na nitajenga kule chini, kando ya mama. Polepole, na mbao."

Sista Rael alihamia wiki ile ile aliyostaafu. Tulialikwa, mimi na Mzee Njoroge. Kogo alikuwa amepanda kutoka mtoni na kibuyu, na Wesley alikuwa juu ya ngazi akitundika yale mapazia, ambayo yalitosha madirisha yote isipokuwa moja. Mimi sikukaa. Nilizunguka ua wa kaiyaba, nikahesabu nguzo, nikachungulia stoo, nikarudi na ramani mkononi kuuliza kama amekwisha kuichukua hati mpya, na ameiweka wapi, na kama hapo hapavuji.

Sista Rael alinivua ramani mkononi, akaikunja, akanisukuma kwenye kiti.

"Chelagat," akasema, "umeuliza majirani, umeuliza karani, umeuliza benki, umeuliza mpaka mama wa ndizi. Mimi hujaniuliza."

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Nikajua sina njia.

"Sista," nikasema, "hii nyumba ni ya nani?"

Alitazama kuta, na ukutani hapakuwa na kitu bado.

"Ni yangu," akasema, na akaenda kuweka chai jikoni kwake.